Boksi Lenye Miguu Miwili

Baba yangu alimwona Kaboksi akifa kwa mara ya kwanza jioni moja ya mwezi wa saba, jiko la mkaa likiwa katikati ya sebule, mlango tumeuacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, na sisi tumejikunyata kama kuku walionyeshewa. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa saba hahitaji maelezo. Asiyeijua achukue blanketi kwanza, ndipo aendelee kusoma.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka tisa. Yeye ndiye aliyeshika gemu, na baba alikuwa anachungulia begani kwake kwa namna ya mtu ambaye hachungulii. Kaboksi akakosea kuruka, akatua kwenye miba, akasambaratika. Kabla hujapepesa macho alikuwa amesimama tena hatua chache nyuma, mzima, macho yake mawili yakitazama mbele kana kwamba hakuna lililotokea.

"Amekufa?" baba akauliza.

"Amekufa, babu. Karudi."

"Karudi?"

"Huwa anarudi."

Baba akavuta blanketi mpaka mabegani, na hakusema neno lingine hadi ugali ulipoiva.

Kwa nini jibu lile lilimnyamazisha nitafika huko. Kwanza niseme hiyo gemu ni ipi, na ilifikaje nyumbani kwa fundi ujenzi mstaafu pale Ilomba.

Niliinunua Kabwe, kwa fundi simu mmoja ambaye meza yake huwa na kila kitu isipokuwa kile ulichokifuata. Nilikwenda kubadilisha kioo cha simu. Pembeni ya chupa ya spiriti nikaona kimashine cha bluu kinachofunguka kama kitabu, kina skrini mbili, moja juu na moja chini. Nikauliza. "Hiyo haiingii laini, braza," akanijibu, "lakini ina gemu." Alitaja elfu sitini, tukaagana mara mbili kama ilivyo desturi, nikaondoka nayo kwa elfu thelathini na tano pamoja na waya wa chaji aliouunga mwenyewe. Bawaba ilikuwa imelegea. Mpaka leo tukiifungua tunaiegemeza kwenye goti, la sivyo skrini ya juu inalala chali.

Ilikuwa Nintendo 3DS, mashine ya gemu ya mkononi. Mwenye nayo wa zamani, popote alipo, alikuwa amepakua gemu kadhaa ndani, na mojawapo ni hii ninayoiandikia leo, *BoxBoy!* Namshukuru mtu huyo nisiyemjua. Ndaga sana, kama tunavyosema huku. Namshukuru kwa sababu hata ningekuwa na kadi ya benki na intaneti ya kasi nisingeweza kuinunua tena kwa ajili ya mashine hii: duka la mtandaoni la 3DS liliacha kuuza mwezi wa tatu mwaka 2023. Nje ya Japani gemu hii haikutolewa kama kaseti ya kuchomeka ukaipata mitumbani. Iliuzwa mtandaoni, hewani, na duka lilipofungwa, mwenye nayo akabaki nayo na asiye nayo akabaki na hadithi yake.

Waliotengeneza ni HAL Laboratory wa Japani. Kwao ilitoka mwezi wa kwanza mwaka 2015, huku kwingine mwezi wa nne mwaka huohuo. HAL ndio waliomleta Kirby mwaka 1992, lile donge la duara linalomeza maadui. Inasimuliwa kwamba Kirby mwanzoni alikuwa kishikilia nafasi tu, mviringo uliochorwa haraka ili kazi iendelee wakati mhusika halisi anatafutwa, na mwishowe wakaupenda wakaubakiza. Watu hawa wana tabia ya kuridhika na umbo. Walianza na duara, na miaka 23 baadaye wakafika kwenye mraba.

Maana huyo shujaa ni mraba kweli. Jina lake rasmi ni Qbby, lakini mpwa wangu alimbatiza Kaboksi siku ya kwanza na hapa nyumbani hakuna anayemwita vingine. Ni boksi jeupe lenye mstari mweusi, macho mawili ya nukta, na miguu miwili. Mikono hana. Mdomo hana. Anatembea, anaruka kimo cha boksi moja hivi, na anajua kitu kimoja zaidi: ukishikilia kitufe na kumwonyesha upande, anatoa maboksi mwilini mwake, moja baada ya jingine, yakiwa yameunganika. Kisha unaamua. Unaweza kuyaachia yakae chini kama ngazi. Unaweza kuyasukuma. Unaweza kuyabeba hivyohivyo kichwani yawe mwavuli, kwa sababu kuna mahali miale ya leza inashuka kutoka juu na boksi haliungui, Kaboksi ndiye anayeungua. Ama unaweza kuyainua yakajipinda kama kulabu, yakashika ukingo wa ukuta, halafu badala ya kuyavuta yaje kwako, wewe ndiye unayevutwa kuyafuata.

Vitufe vimekwisha hapo. Niliwahi kumpa baba gemu ya mpira kwenye simu ya kijana wa jirani na akairudisha dakika hiyohiyo akisema vidole vyake ni vya mwiko, si vya kinanda. Hii hakuirudisha.

Kuna jambo la msamiati nataka kulimaliza hapa. Gemu za aina hii, za kurukaruka kutoka kibaraza hadi kibaraza, zina jina lake la Kiingereza ambalo ukilitafsiri unapata neno "jukwaa". Msomaji wa siku hizi akisikia jukwaa anamwona mwanasiasa na spika. Mimi namwona baba. Nimekulia chini ya majukwaa. Mirunda, zile nguzo za mkaratusi, imesimama, mingine imelala, imefungwa kwa kamba na misumari, na juu yake mabanzi ya paini yaliyokuja na lori kutoka Mufindi, ambako msitu wa Sao Hill unawapa watu wa Nyanda za Juu mbao na mafundi wao mabanzi. Baba juu, mimi chini nikiwa saidia fundi wa likizo, narusha tofali moja moja na yeye analidaka bila kutazama.

Na tabia ya jukwaa ni kwamba halibaki. Unalijenga ili ufike, ukishafika unalibomoa ukajenge lingine mbele. Mpita njia anayeisifu nyumba haoni hata tundu moja la mrunda. Yameshazibwa na plasta. Kaboksi ni hivyo hivyo. Ana seti moja tu ya maboksi kwa wakati mmoja. Akianza kutoa mapya, ya zamani yanatoweka. Huwezi kurundika. Huwezi kujenga ukuta wa akiba nyuma yako ukasema nitaurudia. Na kila sehemu inakupa idadi ya juu ya maboksi ya kutoa kwa mkupuo: hapa matatu, pale matano, kwingine mawili tu na korongo mbele yako.

Baba aliliona hilo kabla yangu. Mimi nilikuwa nimeshacheza wiki nzima nikidhani nacheza gemu ya kuruka.

Kulikuwa na sehemu iliyotushinda siku mbili, mimi na mpwa wangu. Ukuta mrefu, katikati yake kibaraza chembamba upande wa pili, na maboksi matatu. Tulijenga ngazi kwa kila namna. Tuliyasimamisha yote matatu, tukashindwa kuyapanda. Tukayalaza, hayakufika. Mpwa akaanza kulalamika kwamba gemu ni mbovu, ndiyo maana yule mtu aliiuza.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai, "Mnataka mirunda mitatu ifike juu kwa mara moja."

"Sasa babu, si ndiyo tuliyopewa?"

"Sisi tulijenga nyumba Igawilo na mirunda sita. Unapanda mpaka jukwaa linapoishia. Unasimama ukutani. Unalivuta jukwaa likufuate juu." Akaonyesha kwa mkono, kiganja kikipanda juu ya kiganja. "Simama pale pembeni kwanza. Hapo ndipo uanze kuhesabu."

Mpwa akamfikisha Kaboksi kwenye kile kibaraza chembamba ambacho sisi wawili tulikuwa tumekiona kama pambo. Maboksi ya chini yakatoweka alipoanza kutoa mengine. Mawili mapya kutoka pale yalitosha, na la tatu likabaki halijatumika.

Kuanzia usiku ule baba hakuchungulia tena kwa kuiba. Akawa anahamisha kiti.

Sasa kuhusu hesabu. Katika kila sehemu kuna taji moja au zaidi za kuokota, na juu ya skrini kuna namba ya maboksi. Kila boksi unalotoa linapunguza namba. Ikifika sifuri, taji ambazo hujaziokota zinapotea. Mlango wa kutokea unabaki wazi, hakuna anayekukamata, unaweza kumaliza sehemu umetumia maboksi mia. Ila taji huna. Nimesoma watu wakilalamika kwamba namba hiyo inawapa presha. Mimi nasema bila ile namba hii si gemu, ni mdoli. Kwa sababu bila namba utajenga ovyo, utapapasa, na kwa kupapasa utafika. Namba ndiyo inayokufanya usimame mwanzoni na kutazama ukuta mzima kabla ya kugusa kitufe.

Baba aliipenda ile namba kuliko kitu kingine chochote ndani ya gemu. Fundi wa tofali za kuchoma anaishi kwa namba. Mwenye nyumba ameleta tripu mbili, tofali kadhaa zimevunjika njiani, nyingine mwanafunzi wa ufundi amezikata vibaya, na zikipungua kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali, kabla ya renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, hakuna atakayelaumiwa ila fundi. Basi akawa anatangaza: "Umebakiza saba. Usiguse. Tazama kwanza." Mpwa wangu hupumua kwa nguvu puani akisikia hivyo, lakini nimemsikia akijisemea hivyohivyo akifanya hesabu za shule.

Ukikwama kabisa, gemu inauza msaada. Unalipa sarafu moja, inakuonyesha mchoro wa jinsi maboksi yanavyopaswa kukaa. Sarafu zenyewe hazinunuliwi. Mashine ya 3DS inahesabu hatua zako unapotembea nayo imefungwa, na kila hatua 100 ni sarafu moja, mwisho sarafu kumi kwa siku. Yaani siku moja ikupe kumi, lazima utembee hatua 1,000.

Nilipomweleza baba, akacheka cheko la kwanza kubwa nililolisikia kwa muda mrefu. "Kumbe ni nipe mji!"

Kwa wale waliolelewa na televisheni: tulipokuwa tukitegeana vitendawili, mtu akishindwa kujibu, mtegaji anamdai mji. "Nipe mji." Unampa mji, anausafiri kwa maneno, anarudi, ndipo anakupa jibu. Hapa kwetu baba ndiye mtegaji mkuu na ni mgumu wa kupokea. Jioni hiyohiyo akategea, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia mibani."

Mpwa akatazama skrini, akatazama miba ya Kaboksi, akafikiri jibu limo humo. Akashindwa. "Nipe mji," babu akadai. Akampa Makambako. Babu akakataa, Makambako upepo mtupu. Akampa Tukuyu. Mvua, nguo hazitakauka. Akampa Tunduma. Malori na vumbi, atasimama foleni mpaka Krismasi. Mwishowe akampa Dar es Salaam, babu akakubali: "Nimekwenda Dar, nimefika, nimekula samaki wa Feri, nimeoga bahari, nimepanda TAZARA, nimerudi, na jasho limekauka. Jibu ni nanasi."

Hilo la kulipa kwa miguu likawa na mambo yake. Dada yangu anauza parachichi na ndizi Mwanjelwa, na asubuhi anatembea. Binti yake akagundua kwamba akiitumbukiza mashine kwenye kikapu cha mama, jioni inarudi na sarafu zake kumi. Wiki mbili nzima dada yangu alibeba gemu kwenda sokoni bila kujua, imefungwa kwenye kanga chini ya parachichi. Alipoigundua alidai kodi. Kisha binti akagundua tena, kama watoto wote duniani wanavyogundua, kwamba ukiitikisa kwa mkono inahesabu pia. Babu aliamua kwamba huo ni wizi, sarafu zilizotikiswa zisitumike siku ya Jumapili. Kwa nini Jumapili tu, sijui, lakini hukumu ilikubaliwa.

Naomba nitoke nje ya nyumba kidogo, kwa sababu kuna jambo la rangi.

*BoxBoy!* ni nyeusi na nyeupe, na kijivu kidogo. Ilitoka kwenye mashine yenye rangi zote na picha zinazoonekana zimechomoza bila miwani. Ni kama fundi aliyepelekwa duka la rangi akaambiwa achague yoyote, naye akarudi na chokaa. Ukiiona mara ya kwanza unaikumbuka Game Boy ya mwaka 1989, iliyokuwa na vivuli vinne tu vya rangi moja iliyoegemea kijani. Aliyeiongoza Game Boy pale Nintendo ni mhandisi Gunpei Yokoi, na falsafa yake ilijulikana: chukua teknolojia iliyokwishachakaa, ambayo bei imeshuka na kila mtu anaijua mpaka maumivu yake, kisha uitumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Washindani wake walileta skrini za rangi. Game Gear ya Sega ilikuwa na rangi na ilikula betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilikula nne, ikakaa siku kadhaa mkononi mwa mtoto. Ikashinda.

Sisi wengi hatukuiona Game Boy. Tuliona zile za matofali, za kichina, zilizoandikwa gemu 9999 kwenye boksi na ndani mlikuwa na chache zilezile zikibadilishwa kasi. Halafu tukaona Nokia. Nyoka kila mtu anamkumbuka, lakini mimi kwenye 3310 nilikuwa mtu wa Bantumi, ambayo mzee yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibao cha bao angeitambua mara moja: mashimo, kete, unasambaza, unakula. Nilimwonyesha baba wakati ule, akasema ni bao la watoto wachanga. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba gemu ya skrini ndogo, vitufe vichache na kichwa kinachochemka ni kitu cha ugenini. Pale Mwanjelwa kuna wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, vya chupa hii kwa yule na vya chupa ile kwa huyu, na ubao umechorwa kwa makaa. Rangi mbili zinawatosha tangu asubuhi.

Nisiisifu mpaka nikakosa aibu. Ina kasoro. Sehemu za mwanzo ni rahisi mno na ni nyingi. Mtu mzima mwenye haraka anaweza kuiacha kabla haijamwonyesha meno. Kila dunia, yaani kila kundi la sehemu, inaleta kifaa kipya, leo leza, kesho swichi, keshokutwa kitu kingine, unakifundishwa vizuri, unakijaribu mara chache, halafu kinawekwa kando kana kwamba kimekosea. Mimi ningependa kuona vitu hivyo vikigombana zaidi. Hadithi yake ni ya kuonjesha: kuna wenzake wawili, Qucy na Quby, na kuna giza, basi. Na zile zawadi za dukani, nguo za kumvalisha Kaboksi, kwa sehemu kubwa ni mapambo. Mpwa wangu hakubaliani na aya hii hata kidogo. Amemvika Kaboksi nguo za ninja na anaapa kwamba anaruka juu zaidi. Haruki juu zaidi. Nimepima.

Zilifuata nyingine mbili kwenye 3DS, moja ikimruhusu kutoa seti mbili za maboksi kwa wakati mmoja, na mwaka 2019 ikaja ya Switch, mashine nyingine ya Nintendo, yenye sehemu 270 na nafasi ya watu wawili kucheza pamoja. Hizo nimeziona kwenye video tu. Nilipomwambia baba kuhusu seti mbili alitingisha kichwa: fundi akipewa mirunda mingi anakuwa mvivu wa kufikiri. Sijui kama ni kweli kwa gemu. Kwa mafundi ninaowafahamu, ni kweli.

Sasa lile la kunyamaza.

Miaka 14 iliyopita, kwenye nyumba moja Uyole, baba alikuwa anamalizia kozi ya juu ya renta. Mabanzi hayakuwa yake, aliletewa na mwenye kazi, na moja lilikuwa na fundo lililooza katikati. Kwa juu halikuonekana. Alishuka nalo. Mwenye nyumba alilipa teksi ya kwenda hospitali, na hapo ndipo tulipoachana naye. Mgongo ulipona kwa namna yake. Baba anatembea, anapanda bustani, anabishana, lakini hajapanda jukwaa tangu siku ile, na mwiko wake umetundikwa jikoni karibu na chungio la chai.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini usiku ule alinyamaza, na nilielewa pia kitu kingine kilichojitokeza baadaye: baba hakubali kulabu. Tangu alipoanza kushika gemu mwenyewe, anajenga ngazi, anajenga madaraja, anatembeza mwavuli chini ya leza kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Lakini ikifika mahali pa kuning'inia, pa kutupa maboksi juu yashike ukingo halafu mwili uyafuate hewani bila kitu chini ya miguu, anarudisha mashine. "Huo si ufundi," anasema. "Huko ni kujitundika." Mpwa wangu humvusha sehemu hiyo, kisha humrudishia. Hakuna aliyemuuliza. Watoto wanajua mambo.

Wiki iliyopita dada alisafiri kwenda Tukuyu msibani, mpwa akalala kwetu siku tatu, na baba akafika sehemu moja ambayo aliamua ataimaliza mwenyewe. Sikuwa na nafasi ya kuitazama siku ya kwanza. Siku ya pili nilimkuta saa nne usiku, miwani imeshuka puani, skrini ya juu imeegemea goti. Ukuta laini, hauna kibaraza popote. Maboksi manne. Alikuwa anajenga ngazi, anaanguka, anarudi, anajenga. Kaboksi alikufa usiku ule mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na kila aliporudi baba alikuwa anasema "haya" kwa sauti ndogo, kama anavyomwambia mtu anayepanda ngazi mbele yake.

Siku ya tatu, baada ya chakula, akaiweka mashine mezani.

"Imenishinda," akasema.

Mpwa wangu alikuwa anakausha vyombo. Hakugeuka. "Nipe mji, babu."

Nilidhani atakasirika. Akajikohoza. "Chukua Iringa."

"Iringa mlima mkali kutoka stendi. Miguu itauma."

"Chukua Njombe."

"Baridi."

"Baridi kuliko hapa?"

"Sitaki Njombe."

Akampa Songea, akaambiwa mbali. Akampa Sumbawanga, binti akasema ataogopa radi. Akampa Dar es Salaam, akaambiwa huo mji ulishatumika, hauwezi kutolewa mara mbili. Babu akanitazama mimi kuomba msaada. Nikatazama dari.

"Basi chukua Mbeya," akasema.

Mtoto akaweka sahani chini. "Mbeya yote?"

"Yote. Na mlima wake Loleza."

Akaja akakaa kwenye mkono wa kiti, akafuta mikono kwenye sketi. "Nimekwenda Mbeya," akaanza, kwa sauti ileile ya babu, "nimefika, nimepita Mafiati, nimenunua karanga, nimefika Ilomba, nimemkuta babu yangu amekaa na gemu." Akaichukua mikononi mwake, kisha akabadili mawazo, akairudisha mikononi mwa babu na kushika vidole vyake juu ya vitufe. "Toa matatu kwenda juu. Hivyo. Sasa la nne, usiliweke juu. Ligeuze kulia."

Juu ya ukuta boksi la nne likagusa ukingo. Kaboksi alikuwa bado chini, miguu miwili ardhini, akitazama mbele.

"Nikibonyeza, ananing'inia?" baba akauliza.

"Kidogo tu," mpwa akasema.

Akabonyeza.